Nyasi bahari zinazooza, matope ya mikoko au sifongo: uchukue wapi sampuli yako ya vijidudu Lamu?

Mpwa wangu anasoma biolojia chuo kikuu, mwaka wa mwisho. Amerudi Lamu likizoni na kabla hajamaliza chai yake ya kwanza ananiuliza: "Mjomba, mradi wangu ni kutafuta vijidudu vinavyotengeneza kemikali zenye faida. Niende mikokoni, nizamie sifongo, au niokote ule uchafu wa Shela?"

Uchafu alioukusudia ni lile tuta la majani ya kahawia, nyasi bahari na mwani, ambalo bahari hulitupa kwenye ufuko wa Shela kusi inapokaza. Nimefanya kazi ya maabara miaka mingi, na nilimjibu papo hapo: anza na tuta. Lakini jibu lisilo na sababu halimfai mwanafunzi, na tena si kila mtu anatafuta anachokitafuta yeye. Ndiyo maana nimeyaweka yote matatu hapa pamoja, kila mmoja apime kwa haja yake na kwa uwezo wa mfuko wake.

Tuelewane majina kwanza. Sisi wa pwani kila kijani kinachotoka baharini twakiita mwani, na sokoni haina neno. Maabara ni lazima utenganishe. Mwani hauna mizizi ya kweli wala maua. Nyasi bahari ni mimea kamili: zina mizizi, mishipa, maua na mbegu, ila zimehamia chumvini. Kenya ina aina zipatazo 12. Ukiokota kishina kigumu chenye alama za pete pete, na kileleni kishungi cha majani kama brashi ya kupakia rangi, hiyo ni Thalassodendron ciliatum, na hapa petu utaiona sana. Ukikuta jani refu kuliko mkono wako na shinani lina nyuzi nyeusi ngumu kama za brashi ya kusugulia sakafu, hiyo ni Enhalus acoroides. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu mmea kamili umejengwa kwa selulosi na lignini, zile nyuzi ngumu za kuta zake, ilhali mwani umejengwa kwa vitu vya utelezi kama agari na alginati. Tuta la ufukoni lina vyote viwili, na hapo ndipo utajiri wake ulipo.

Kwa nini kitu kinachooza

Jani bichi la nyasi bahari lina kinga. Limejaa kemikali za jamii ya fenoli ambazo bakteria wengi hawazipendi. Likishakatika, siku za mwanzo sukari nyepesi na sehemu ya zile fenoli huvuja majini, na bakteria wepesi hukimbilia mteremko huo. Sukari ikiisha nao hupungua. Kinachobaki ni kuta ngumu za jani, na kwenye baadhi ya nyasi hizi kuta hizo zina sukari ndefu (sukari nyingi zilizoungana kama mnyororo) zilizoshikana na salfa, kitu ambacho mimea ya nchi kavu kwa kawaida haina. Anayeendelea kuishi hapo ni yule mwenye kimeng'enya, yaani protini ya kuvunjia chakula, cha kukata kuta hizo, na aghlabu ana pia sumu ya kumzuia jirani asimle chakula chake.

Kwa maneno mengine, kuoza kumekufanyia nusu ya kazi ya kuchuja. Wewe unakuja kuwakuta walioshinda.

Mfano ninaoupenda unatoka mbali. Huko Marekani, kwenye ghuba ya Chesapeake, walichukua majani ya chumvini yanayooza, jamii ya nyasi za Spartina, wakapata bakteria anayeitwa leo Saccharophagus degradans. Bakteria huyu mmoja anaweza kumeng'enya zaidi ya aina kumi za sukari ndefu, ikiwemo selulosi, agari, alginati, na kitini, ile inayojenga gamba la kamba na kaa. Alitoka kwenye jani bovu ambalo wewe na mimi tungelipita. Vimeng'enya vya namna hii vina kazi duniani: vya selulosi hutiwa kwenye sabuni za kufulia na hutumika kuchujusha rangi ya jinzi, na vya agari na alginati vyawafaa wanaosindika mwani. Kule Kwale watu wanalima mwani kwa ajili ya soko, kwa hiyo hili silo jambo la ng'ambo peke yake.

Mikoko ina nini zaidi

Kwa wingi, mikoko haina mpinzani. Takriban asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya iko katika Kaunti ya Lamu. Matope yake ni nyumba ya aktinomiseti, wale bakteria wanaoota kwa nyuzi nyuzi kama kuvu. Kundi hili ndilo lililotoa karibu theluthi mbili za antibiotiki zenye asili ya vijidudu, mojawapo ikiwa streptomisini iliyopatikana mwaka 1943 na kuwapa wagonjwa wa kifua kikuu dawa yao ya kwanza ya maana. Kwenye mashapo ya bahari za joto alipatikana pia Salinispora, aktinomiseti ambaye ukimnyima maji ya bahari haoti. Mwaka 2003 ilitangazwa kemikali yake, salinosporamaidi A, ambayo imekwenda hadi kujaribiwa kwa wagonjwa wa saratani.

Basi kama haja yako ni antibiotiki tu, matope yana sifa nzuri na mimi sitakuzuia. Tatizo lake ni kwamba matope ni mchanganyiko wa kila kitu: majani ya miaka, udongo ulioletwa na mvua, kinyesi cha kaa, mizizi iliyokufa. Ukipata kijidudu hujui kilikuwa kinakula nini, na kwa hiyo hujui umlishe nini maabara ili atoe kile alichokuwa akikitoa kule. Tena mikoko ina tanini nyingi. Wazee walikuwa wakipaka rangi kwa ganda la mkandaa kwa sababu hiyo hiyo. Ukitengeneza dondoo moja kwa moja kutoka kwenye majani au magome, tanini hushika protini na kukuonyesha matokeo ambayo si ya kijidudu chochote. Nimeona wanafunzi wakishangilia dondoo ambayo "inaua kila kitu," na kumbe ni tanini.

Kuna jambo moja ambalo mikoko inaushinda ufuko kabisa, nami nalisema wazi. Jani la mkoko lililoanguka na kukaa majini siku kadhaa ni mahali pazuri mno pa kupata viumbe wa jamii ya thraustokitridi. Si bakteria, si kuvu, wala si mwani. Ni jamii yao wenyewe. Ndugu yao Schizochytrium hufugwa viwandani kwa ajili ya DHA, mafuta yale yale ya omega-3 tunayoyapata kwa kula samaki, na hutiwa hata kwenye maziwa ya unga ya watoto wachanga. Nyasi bahari zinazooza nazo zinao, ila mkononi mwangu majani ya mkoko yamenipa haraka zaidi. Mtego wake ni rahisi: kipande cha jani, maji ya bahari yaliyochemshwa, antibiotiki kidogo ya kuzuia bakteria, na chavua ya msonobari inayoelea juu. Baada ya siku chache unaangalia chavua kwa hadubini na kuwaona wameshikilia kando kama shanga. Mwenye kutafuta mafuta, basi, aende mikokoni.

Sifongo: sifa kubwa, gharama kubwa

Ukihesabu dawa zilizokwisha kufika hospitalini, sifongo ndizo zenye jina. Sitarabini ya kutibu saratani ya damu ilianzia kwenye kemikali za sifongo ya Karibi zilizochunguzwa miaka ya 1950, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1969. Eribulini ya saratani ya titi, iliyoidhinishwa mwaka 2010, asili yake ni kemikali ya sifongo ya Japani.

Sasa tazama gharama yake. Ili kuipata kemikali hiyo ya Japani, watafiti walitumia kilo 600 za sifongo na wakatoka na miligramu 12.5. Chembe ya chumvi ya kupikia haina hata miligramu moja, kwa hiyo unazungumzia chumvi isiyofika hata kibano kimoja cha vidole kutoka kwenye mzigo wa kupakia jahazi. Na sifongo hairudi upesi. Inakua polepole, ni mnyama aliye hai, inachuja maji na kuwahifadhi samaki wadogo. Wataka uzamie, uwe na vifaa, na ukifika kaskazini uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, ambako huwezi kukata kitu bila idhini. Mara nyingi pia anayetengeneza kemikali si sifongo yenyewe bali bakteria anayeishi ndani yake, naye akitolewa nje hakubali kuota kwenye sahani ya maabara. Kwa mwanafunzi wa mwaka mmoja, huo si mradi, na nilimkataza mpwa wangu waziwazi.

Tuta la ufukoni limeshakufa. Ukichukua kiganja, hujamuua mtu. Lakini nisieleweke vibaya: hata tuta lina kazi yake pale lilipo. Linashika mchanga usichukuliwe na mawimbi, na ndege wanakula vile viroboto vya mchanga vinavyorukaruka chini yake. Chukua kiganja, usichukue gunia.

Ndani ya tuta, uchukue tabaka gani

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na hapa ndipo ningependa msomaji atulie. Tuta si kitu kimoja.

Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maji yakitoka, kabla jua halijakaza. Simama uangalie mistari. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kila bamvua huacha mstari wake juu kabisa ambako maji mafu hayafiki. Kwa hiyo ufuko wenyewe ni kalenda: mstari wa chini ni wa jana au juzi, wa juu ni wa bamvua lililopita, na ule ulioshikana na mimea ya mchangani huenda ni wa kusi nzima. Andika tarehe ya bamvua na unaujua umri wa sampuli yako karibu na kweli, jambo ambalo matopeni huliwezi.

Kisha fungua tuta kwa mkono uliovaa glavu. Juu, majani ni makavu, mepesi, yanalia kama karatasi. Chini kidogo yanakuwa ya kahawia yenye unyevu, na ukiingiza vidole unasikia joto, kama ndani ya lundo la makumbi. Jani la hapo ukilivuta halikatiki, linachanika kwa urefu, limebaki nyuzi na utando wa utelezi. Chini zaidi ni weusi mtupu na harufu ya yai bovu.

Weusi huo uache. Hamna hewa humo; walioko wanaishi kwa kutumia salfati ya maji ya bahari, wanatoa gesi ile ya yai bovu, na kuwaotesha kunataka vifaa vya kuzuia oksijeni ambavyo maabara zetu nyingi hazina.

Tabaka la katikati, lile lenye joto, ndilo la vimeng'enya. Selulosi inakatwa hapo, na vipande vya mwani vilivyochanganyika vinaleta walaji wa agari na alginati. Tabaka kavu la juu ni la aktinomiseti na kuvu, maana mbegu zao zinavumilia ukame na jua. Usisahau kuchukua na mchanga ulioshikamana na majani: kuna kuvu ya bahari iitwayo Corollospora maritima ambayo inapenda kuzaa juu ya chembe za mchanga. Mvua ikinyesha, subiri. Masika huosha chumvi na kuleta kuvu za bara, nawe utarudi na sahani zilizojaa Penicillium ya shambani. Pia kaa mbali na njia ya punda. Ufuko wetu una punda wengi, na kinyesi chao kitakujazia bakteria wa matumbo.

Mara yangu ya kwanza nilijaza mfuko wa plastiki, nikaufunga vizuri, nikauweka kwenye boti na jua linawaka. Kesho yake maabara nilikuta supu. Bakteria mmoja anayetambaa alifunika kila sahani, na kazi ya safari nzima ikaisha. Tangu hapo natumia vichupa vidogo visivyojazwa hadi juu, kwenye kasha lenye barafu lakini bila kugusana na barafu, na sampuli inaingia kwenye sahani siku hiyo hiyo.

Bakteria au kuvu?

Kwa fedha kidogo, bakteria wa vimeng'enya ndio wanaolipa haraka. Unapika agari, ambayo ikipoa huganda kwenye sahani na kuwa sakafu ya kuoteshea, kwa maji ya bahari, unaua vijidudu kwa sufuria ya presha kama huna mtambo, unapaka sampuli, unaweka kwenye joto la nyuzi 28. Siku ya nne au ya tano inamisha sahani uelekee dirishani. Kama kuna mla agari, utaona kundi lake limezama, limekaa ndani ya kishimo kidogo, kwa sababu linakula sakafu linayoikalia. Ukimwagia ayodini, sahani yote inakolea rangi isipokuwa duara jeupe kulizunguka kundi lile. Hujanunua mashine yoyote, na tayari una jibu la kuandika.

Aktinomiseti wanataka subira. Sampuli unaichanganya na maji ya bahari safi, unaipasha nyuzi 55 kwa dakika kama sita ili wenye haraka wafe, kisha unangoja wiki mbili hadi sita. Wakitoka unawajua: makundi makavu, ya unga unga, yameng'ata agari, na Streptomyces ukifunua sahani yao unasikia harufu ya vumbi lililonyeshewa. (Usiinamie sahani kuinusa, harufu itakufuata yenyewe.) Hatari yao ni kugundua kilichokwisha kugunduliwa. Wengi watakupa streptothrisini au dawa nyingine ya zamani, kwa hiyo soma mapema jeni la kutambulisha aina ya bakteria wako, kabla hujatumia miezi kusafisha kitu ambacho kimo vitabuni tangu miaka ya 1940.

Kuvu za bahari hazijachunguzwa kwa kiasi cha bakteria, na mimi nina imani nazo. Kundi la dawa za sefalosporini lilianzia kwa kuvu ambayo Giuseppe Brotzu aliipata mwaka 1945 kwenye maji ya bahari karibu na bomba la majitaka huko Cagliari, kisiwani Sardinia. Hakuwa na manowari wala wapiga mbizi. Alikuwa na ufuko wa mji wake. Kuvu ileile pia ukiibadilishia chakula hubadilisha kemikali inazotoa, kwa hiyo unaweza kufanya mradi mzima kwa kuvu mbili au tatu: kila moja uioteshe kwenye wanga, kisha kwenye unga wa majani yale yale ya nyasi bahari, kwa chumvi na bila chumvi.

Onyo moja la afya: matuta yanayooza yana bakteria wa jamii ya Vibrio, na baadhi yao wanaingia kwa kidonda. Ukiwa na jeraha mguuni usiingie. Na usioteshe chochote kwenye nyuzi 37, joto la mwili wa mtu, kama huna msimamizi na chumba salama.

Karatasi kabla ya kichupa

Utafiti wa namna hii Kenya unataka kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kijidudu kikiwa ni cha kutafutiwa kemikali, NEMA, mamlaka ya mazingira, nao wana kanuni zao za mwaka 2006 kuhusu rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa faida. Ndani ya hifadhi ni lazima idhini ya KWS, shirika la wanyamapori. Kwenye fukwe za kawaida, nenda kawaone wa BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuko, kwanza, wape salamu na ueleze unachofanya. Wavuvi wanajua mstari upi uliletwa na bamvua lipi kuliko kitabu chochote.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya Ziwa Bogoria. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijidudu vya maziwa yetu ya magadi vilichukuliwa, vimeng'enya vyake vikafika viwandani ng'ambo, na mwaka 2004 KWS ikalazimika kudai haki ya Kenya baada ya mambo kwisha kutendeka. Vijidudu vya Shela na vya kisiwa cha Manda navyo ni mali ya watu wa hapa. Kopi moja ya kila kilichoota ibaki nchini, imegandishwa na imeandikwa mahali ilikotoka.

Mpwa wangu amechagua tabaka la katikati, mistari mitatu ya bamvua tatu mfululizo, na anatafuta vimeng'enya vya agari na selulosi. Matope ameyaacha, sifongo ameziacha. Amenunua vichupa thelathini na kasha la barafu, na ameshaongea na nahodha wa kumvusha Manda alfajiri ya mwezi mpevu.